UJIJI NA KIGOMA MJINI: MAJINA YAPO KWENYE MAWE, WALIOBEBA MIZIGO NI AKINA NANI?

Najua mmezoea nikiwaletea za mastaa, nani kamuacha nani, nani kapiga picha na gari la kuazima. Na mnajua sheria yetu ni moja tu: majina hatutaji. Tunasema "jamaa fulani", "dada fulani", mwenye akili anaelewa.

Leo sheria ni ileile, ila fulani wa leo sio staa. Ni watu ambao hata ningetaka kuwataja nisingeweza, maana majina yao hayakuandikwa popote. Soma mpaka mwisho, usikimbilie komenti.

Ilikuwa hivi. Mdogo wangu alikuwa anakwenda chuo Tabora, nikaambiwa nimsindikize mpaka Kigoma apande treni. Nikapita kwa babu kumuaga, kule upande wa Heru Juu, nje kidogo ya Kasulu. Babu kazeeka sana, macho yanamsumbua, ila kumbukumbu yake inanishinda mimi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nasikia unakwenda Kigoma."

"Ndio babu, nampeleka mtoto steshini."

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Ukifika steshini nipigie picha."

"Yako au yangu?"

"Ya steshini. Nataka nione kama bado ipo."

Nikacheka, nikajua ni mambo ya uzee. Tukapanda Hiace, tukashuka milima yetu mpaka Kidahwe, tukaingia Kigoma mchana. Treni ilikuwa kesho yake. Sasa mimi kijana wa Kasulu nifanye nini Kigoma siku nzima? Nikala ugali wa muhogo na mgebuka uliokaangwa kwa mawese, nikasema ngoja niende Ujiji nikaone huo mwembe tuliosoma shule ya msingi.

UJIJI, MTAA WA WAKUBWA WA ZAMANI

Ujiji na Kigoma mjini siku hizi ni manispaa moja, Kigoma/Ujiji, na kati yao ni kilomita chache tu. Ila ukishuka Ujiji unaona kabisa umeingia mji mwingine. Barabara zimenyooka, nyumba nyingi ni za zamani, za udongo na baraza mbele, misikiti ipo karibu karibu, wazee wa kanzu na kofia wamekaa nje wanacheza bao. Ni kama umechukua kipande cha Pwani ukakileta ziwani. Na ndivyo ilivyokuwa. Waarabu na Waswahili wa Pwani walifika hapa miaka ya 1800 na kitu wakifuata pembe za ndovu na watumwa, na waliokuja na misafara yao wakajenga kama kwao.

Na soko lilikuwepo, tusidanganyane kwamba mji ulianza na wageni. Wajiji, ambao ni ndugu zetu Waha, walikuwa wanauza samaki na mawese, chumvi ikitoka Uvinza, chakula kikishuka kutoka milima yetu huku juu. Fedha yao ilikuwa shanga zinazoitwa sofi. Yaani unakwenda sokoni na shanga shingoni, unarudi na kikapu cha dagaa. Wazungu wawili wa kwanza kufika, Burton na Speke, waliingia Februari 1858 na wakalikuta soko linachemka.

Watu wanapanda ndege kwenda Italia kuangalia mawe ya Roma na vichochoro vya miji yao ya kale. Wanalipia, wanapiga selfi. Sisi tunao mji mkongwe hapa, mtu wa Kibondo anapita kwenda kununua dagaa na hageuzi shingo. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo.

MWEMBE NA KARATASI ILIYOCHANWA

Nikafika kwenye kumbukumbu ya Livingstone. Kuna mnara wa mawe wenye msalaba na ramani ya Afrika, kuna miembe, kuna jengo la makumbusho. Ndani kuna sanamu mbili za ukubwa wa mtu, Stanley na Livingstone wanavuliana kofia. Ukweli usemwe, sanamu zinachekesha kidogo, ila ukikaa nazo zinakuzoea.

Aliyenitembeza ni mzee mmoja mpole. "Shikamoo mzee." "Marahaba, umetokea wapi kijana?" "Kasulu." "Ahaa, basi uko nyumbani." Akaniambia mwembe wenyewe ulishakufa siku nyingi, hii iliyopo inasemekana ni watoto wake. Hapo ndipo walipokutana mwaka 1871, Stanley akasema ile sentensi yake maarufu duniani ya kumuuliza kama yeye ndiye Dokta Livingstone.

Sasa hapa ndipo udaku unapoanza, na huu umethibitishwa na wanahistoria.

Kwanza, Stanley sio jina lake. Alizaliwa Wales mwaka 1841 akaitwa John Rowlands, akakulia kwenye nyumba ya maskini, akaenda Marekani akajipa jina jipya. Wasanii wetu wa jina la kisanii mpo hapo? Hamkuanza nyie.

Pili, tarehe. Jiwe linasema 10 Novemba 1871. Ila ukilinganisha na daftari la Livingstone hesabu hazikutani, maana mzee alikuwa kachanganya siku kwa ugonjwa na safari, na Stanley naye alishakaa na homa njiani akapoteza hesabu. Watu wawili maarufu wamekutana, na hakuna mwenye uhakika ilikuwa siku gani.

Tatu, ile sentensi. Kwenye daftari la Stanley, kurasa zinazohusu kukutana kwenyewe zimechanwa. Zimetolewa! Kwa hiyo hata kama kweli aliitamka siku ile au aliitunga baadaye akiwa anaandika gazeti lake la New York Herald, ushahidi wa mkono wake haupo. Kama sio kiki basi sijui.

Hayo yote yanaandikwa, yanajadiliwa, vitabu vinachapwa. Mimi nikauliza swali la kijinga. "Mzee, hawa walikuwa wawili tu hapa?"

Akacheka. "Wawili? Stanley aliondoka Bagamoyo na watu karibu 200. Unadhani nguo na shanga na mahema vilitembea vyenyewe?"

Karibu watu 200, wadau. Wamegawanywa misafara mitano, wamebeba marobota ya nguo, magunia ya shanga, waya wa shaba, mashua iliyofunguliwa vipande vipande. Wengine walikufa njiani, wengine walikimbia, wengine walipigwa viboko. Majina machache tunayo. Susi, mtumishi wa Livingstone, ndiye aliyekimbia kumpokea Stanley. Halima alikuwa mpishi. Bombay alikuwa kiongozi wa walinzi. Hao wachache wakabahatika kutajwa kitabuni. Waliobaki wakawa "wapagazi", basi.

STANLEY ALIVYOTUPITIA USIKU

Hii sehemu ndiyo iliyoniuma na kunichekesha kwa wakati mmoja, maana inatuhusu sisi watu wa Uha.

Kabla ya kufika Ujiji, msafara wa Stanley ulipita nchi yetu. Zamani ukipita kwenye nchi ya mtu unalipa hongo. Usishtuke, wakati ule hongo haikuwa rushwa. Ilikuwa ushuru wa njia, unalipa kwa nguo, doti kwa doti, mtawala anakuruhusu upite kwa amani. Sasa Waha walimtoza Stanley mpaka akalia kwenye kitabu chake. Analipa kwa huyu, kesho yake anakutana na ndugu wa mtawala naye anataka, na mbele anaambiwa wapo wengine. Marobota yanapungua na Ujiji bado.

Akafanya nini? Akamlipa mtu mmoja awe kiongozi wa njia, wakaacha barabara, wakapita porini usiku kimyakimya ili wasionekane. Yaani shujaa wa dunia alikwepa ushuru wa Waha kama lori la magendo linavyokwepa kizuizi.

Kwenye msafara ule alikuwemo mwanamke mmoja, mke wa mmoja wa wale watu. Katikati ya ukimya ule akaanza kupiga kelele. Sijui ni uchovu, sijui ni woga. Stanley akatishia maisha yake, akafungwa kitambaa mdomoni, wakaendelea na safari.

Nilipoisoma hiyo nilisimama hapo. Ametembea kwa miguu mpaka huku kwetu. Miezi. Na kitu kimoja tunachokijua juu yake ni kwamba alilia usiku mmoja wakamfunga mdomo.

BARABARA YA MIEMBE

Ujiji ulikuwa mwisho wa njia na pia mwanzo wa njia, inategemea wewe ni nani. Kwa mfanyabiashara ulikuwa mwisho. Kwa aliyetekwa Kongo akavushwa ziwa kwa mtumbwi, ulikuwa mwanzo. Kutoka hapa mpaka Bagamoyo ni kama kilomita 1,200, kwa miguu, kupitia Tabora. Njia hiyo nzima Tanzania iliipeleka UNESCO mwaka 2006 iwekwe kwenye orodha ya kusubiri kuwa urithi wa dunia. Mji Mkongwe wa Zanzibar ulishaingia tangu 2000. Yetu bado iko foleni.

Mzee akanionyesha miembe. Wazee wa hapa wanasema miembe hii iliota kutokana na kokwa walizotupa watu wa misafara. Mtu ametembea, amekula embe, ametupa kokwa, ameendelea. Sina cha kuthibitisha mti upi ni wa nani, ila miembe ni mingi na mirefu, na kivuli chake ndicho tunachokaa leo tukinywa kahawa.

Mwaka huohuo wa 1871, tarehe 15 Julai, Livingstone alikuwa sokoni Nyangwe, kule Manyema, Kongo. Watu wa wafanyabiashara wa utumwa walifyatua risasi sokoni, siku ya soko, kinamama wamejaa. Watu wakajitupa mtoni. Makadirio aliyoyaandika ni waliokufa 330 mpaka 400. Ndiyo sababu alirudi Ujiji mgonjwa na amevunjika moyo, akakuta mali zake zimeshauzwa na aliyeachiwa azitunze. Stanley akamkuta katika hali hiyo. Kwa hiyo chini ya kile kikao cha kuvuliana kofia kuna wale kinamama wa Nyangwe.

Na mpaka leo Ujiji imejaa Wamanyema. Wengine babu zao walikuja wakiwa huru, wafanyabiashara, wapagazi, mabaharia wa ziwani. Wengine waliletwa kwa nguvu. Nani ni nani? Hapo ndugu zangu huulizi. Mzee aliniambia kwa upole sana, "Hapa Ujiji mtu ukimuuliza kabila akakujibu 'mimi wa hapa', mwache. Amekujibu."

Nikanyamaza. Sisi huku juu tumezoea kuulizana ukoo mpaka babu wa saba. Kumbe kuna watu kutokuwa na jina la ukoo ni jeraha, na kuna wengine ni dawa ya jeraha.

Livingstone naye alikufa 1 Mei 1873 kwenye kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Watu wake wakauzika moyo wake hapohapo, wakaukausha mwili, wakaubeba miezi kadhaa mpaka Bagamoyo. Akazikwa London, Westminster Abbey, 18 Aprili 1874. Chuma na Susi tunawajua. Ila hawakuwa wawili. Walikuwa makumi ya watu, wanaume na wanawake, na wapo waliokufa njiani wakimpeleka maiti kwao. Wao walizikwa wapi?

KIGOMA INAUCHUKUA UKUBWA

Mnauliza, kama Ujiji ilikuwa mji mkubwa, kwanini leo stendi, bandari na benki ziko Kigoma?

Jibu la kwanza ni ziwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870 maji ya Tanganyika yalifungua njia yake kupitia mto Lukuga, upande wa Kongo, ziwa likashuka sana. Ujiji ufukwe wake ni mtambarare, maji yakirudi nyuma kidogo tu mji unabaki mbali. Ndio maana leo ukisimama kwenye mnara unajiuliza ziwa liko wapi. Kigoma ina ghuba yenye kina, meli inaegesha vizuri.

Jibu la pili ni reli. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Kigoma Februari 1914. Ni zaidi ya kilomita 1,200. Nani alipiga nyundo? Nani alibeba mataruma? Maelfu ya vibarua. Wahandisi tunawasoma, vibarua tunawahesabu tu.

Steshini waliyojenga ipo mpaka leo, jengo kubwa jeupe la matao linaloangalia mji. Na juu kilimani kuna jumba ambalo sasa ni Ikulu ndogo. Watu wa Kigoma wanasema lilijengwa kwa ajili ya Kaiser, mfalme wa Ujerumani, aje kupunga upepo, na kwamba kuna njia ya chini kwa chini kutoka hapo mpaka steshini. Hiyo njia mimi sijaiona na sijakutana na aliyepita. Ila Kaiser hakuja kamwe. Jumba lina jina la mtu ambaye hajawahi kuligusa, na waliolijenga hawana hata kibao. Si unaona mambo?

MASANDUKU ELFU TANO

Tukiwa Kigoma hatuwezi kuiruka Liemba. Hii meli ni staa kuliko mastaa wote niliowahi kuwaandika humu.

Ilitengenezwa mjini Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Wakaiunda, wakaifungua tena, wakaifunga kwenye masanduku 5,000, wakaisafirisha kwa meli mpaka Dar es Salaam, halafu kwa treni kuja huku. Reli ilipokuwa haijafika, masanduku yalibebwa na watu. Kichwani, begani, kwa mti wa kuchukuliana. Kigoma ikaunganishwa upya, ikashushwa majini 5 Februari 1915 katikati ya Vita ya Kwanza.

Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 26 Julai 1916. Ila mafundi waliipaka mashine grisi nzito kwanza, wakijua ipo siku itatolewa. Siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma. Waingereza wakaja kuiibua mwaka 1924, ikaanza safari tena 16 Mei 1927 kwa jina la Liemba. Mambo ya meli za vita vile ziwani ndiyo yanayosemwa yalichochea ile filamu ya zamani ya The African Queen ya mwaka 1951. Hollywood imekula hela kwa stori ya ziwa letu.

Ila kwetu sisi wa Kasulu na Kibondo Liemba ni kitu kingine. Mwaka 1997 ilitumika kurudisha wakimbizi kwao Kongo, ikishirikiana na Mwongozo, watu zaidi ya 75,000. Na Mei 2015, watu walipokimbia Burundi wakajazana Kagunga, kijiji ambacho mlima uko nyuma na ziwa liko mbele, Liemba ndiyo ilikwenda kuwatoa, kama watu 600 kila safari, ikawaleta Kigoma, kisha mabasi yakawaleta Nyarugusu huku kwetu Kasulu. Oktoba mwaka huohuo kambi ya Nduta Kibondo ikafunguliwa tena. Nilikuwa kijana wa shule, tulikuwa tunasimama barabarani kuangalia mabasi yanapita. Mtoto mmoja dirishani alinipungia mkono. Nikampungia. Sijui jina lake, hajui langu.

Masanduku 5,000 yalibebwa na wasio na majina, miaka 100 ikapita, na meli ileile ikabeba wengine wasio na majina.

STESHINI, NA NAMBA YA BABU

Kesho yake nikampandisha mdogo wangu treni. Nikampigia babu picha, ya mbele, ya pembeni, ya matao, ya reli inavyopotea kuelekea Uvinza. Nikarudi Kasulu, nikaenda mpaka kwake, nikamwekea simu karibu na macho, nikakuza picha.

Akaangalia muda mrefu. Akaweka kidole kwenye kioo, picha ikasogea, nikairudisha.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo walitupanga mstari."

Wadau, nimeishi na huyu mzee miaka yote hii na sikuwahi kujua. Babu alikuwa manamba.

Kwa mdogo wangu wa Dar asiyejua: wakati wa Mwingereza mashamba ya mkonge yalihitaji watu, na watu walitafutwa mikoa ya mbali. Kigoma ilikuwa moja ya sehemu kubwa. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, ikiitwa SILABU, ikawa inazoa vijana wa Kasulu, Kibondo na Kigoma mpaka Rwanda na Burundi. Kwetu hakukuwa na zao kubwa la kuuza na kodi ya kichwa ilikuwa lazima ilipwe kwa pesa. Kijana ukitaka kulipa kodi, kununua shati na kuoa, unajiandikisha. Ukijiandikisha unapewa namba. Ndiyo neno lenyewe: manamba, watu wa namba.

Babu alikwenda miaka ya hamsini. Kodi ilikuwa inamdai na mahari ya bibi ilikuwa haijatimia. Alitembea na wenzake watano kutoka kijijini mpaka Kasulu, wakapakiwa lori mpaka Kigoma, wakapangwa mstari pale steshini, wakapandishwa treni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona ziwa na mara yake ya kwanza kuona treni, vyote siku moja. Walishushwa Kimamba, kule Kilosa.

"Kipande kimoja ni siku 30 za kazi," akanieleza. "Ukiumwa, siku haihesabiki. Kwa hiyo mwezi wako unaweza kuwa mrefu kuliko mwezi wa Mungu. Mkonge unachoma, mkono unavimba. Asubuhi nyapara haiti jina. Anaita namba."

"Ya kwako ilikuwa ngapi babu?"

Hakufikiri hata sekunde. "Mia nne kumi na saba."

Huyu mzee ukimuuliza mwaka aliozaliwa anakwambia ulikuwa mwaka wa njaa. Ukimuuliza namba anaitoa palepale.

"Na wale wenzako watano?"

"Watatu nilirudi nao. Mmoja alioa kulekule akabaki. Mmoja alizikwa Kimamba. Mia nne kumi na tisa."

"Jina lake?"

Akanitajia. Akanitajia na jina la baba yake, na mlima aliotoka. Nimeyaandika kwenye daftari langu, humu siyaweki kwa sababu ndugu zake wapo na bado sijakwenda kuwaona. Nitakwenda.

KWANINI NIMEWASUMBUA NA HAYA

Kwa sababu tunajisikia tukiambiwa mastaa wawili wakubwa wa bongo fleva, wale ambao mashabiki wao hawapikiki chungu kimoja, wote wana damu ya Kigoma. Tunavimba kichwa. Ni sawa. Ila watu wa Kigoma walioijenga hii nchi kwa mgongo, tena wakitajwa watu wa mashamba, ilikuwa tusi. Wapo waliokataa kabisa kusema Kiha mbele za watu kwa kuogopa kuchekwa eti "mtoto wa manamba". Babu yangu alinyamaza miaka 60 na kitu, na sababu nadhani ni hiyo. Aliona aibu. Aibu ya kufanya kazi!

Na kwa sababu muda unakwisha. Pale Ujiji nimeona nyumba za zamani zimebaki ukuta mmoja, nyingine zimebomolewa kujengwa fremu za maduka. Sisemi watu wasijenge, kila mtu anatafuta. Ila nyumba ikianguka, na mzee aliyekuwa anakaa barazani akaondoka, hiyo stori imekwenda yote. Mnara wa Stanley utabaki, ni wa mawe. Steshini itabaki. Stori za kina fulani ziko kwenye vichwa vya wazee, na wazee wetu wanaondoka kila wiki.

Huhitaji kuwa msomi. Mimi mwenyewe niliishia kidato cha nne, matokeo yangu tusiyaongelee. Simu unayo. Kaa na babu au bibi, washa kinasa sauti, muulize: ulipita wapi, ulibeba nini, ulikuwa na nani. Wewe wa Kibondo, muulize bibi aliyeuza mihogo njia ya misafara ya malori. Wewe wa Ujiji, usimlazimishe mtu, ila akianza kusema mwenyewe, nyamaza umsikilize.

Nilipokuwa naaga nikamwambia babu kuwa nataka kumuandika kwenye blogu. Nikamuuliza niweke jina lake au nifanye kama kawaida yangu, "mzee fulani".

Akasema, "Andika namba. Jina wataniuliza mimi ni mtoto wa nani. Namba, mtu aliyekuwa Kimamba akiisikia atanijua."

Haya basi. Kama kuna mzee wako aliyekuwa mkonge Kimamba miaka ya hamsini, msomee hii. Mwambie mia nne kumi na saba bado yupo, yuko Kasulu, na anawauliza hali.

Tukutane kwenye komenti. Majina ya mastaa leo hatutaji, ila ya wazee wenu, wakiwaruhusu, leo tajeni.